Mnada wa mtandaoni: kabla hujatuma pesa, jiulize "Niliiona?"

Mwezi wa Shaabani huku kwetu kila nyumba huwa na orodha yake. Huyu anataka blenda, yule anataka sufuria kubwa, na wengine wanatafuta friji kwa ajili ya maji ya futari na nyama ya kukaa mpaka Idi. Mwaka juzi mimi nilikuwa katika hao wa friji. Ya nyumbani ilikuwa imekufa kompresa, na fundi aliponitajia bei ya kuitengeneza nikaona afadhali nitafute nyingine ya mtumba. Nikaingizwa katika grupu moja la WhatsApp ambako vitu hunadiwa kila jioni. Ikatupwa picha ya friji ya milango miwili, rangi ya kijivu, safi kama imetoka katoni jana. Bei ya kuanzia elfu nane, nyongeza mia tano, mnada unafungwa saa tatu usiku.

Saa tatu kasorobo tulikuwa watu wanne tunashindana. Zikibaki dakika mbili tulikuwa wawili. Nikaipata kwa 14,500, nikajiona bingwa. Muuzaji akaniandikia pembeni: hongera ndugu yangu, kuna mtu anaingojea ukiilegezea, tuma nusu sasa hivi niitie pikapu, mzigo uko Mtwapa. Nikatuma elfu saba. Asubuhi akasema dereva amekwama, nitume 1,500 za mafuta. Nikatuma. Baada ya hapo simu ikawa mteja, na mimi nikatolewa kwenye grupu.

Mama watoto hakunigombeza. Aliniuliza swali moja tu: "Uliiona?"

Sikuwa na jibu, na aibu yangu ilizidi kwa sababu mimi nina diploma ya ununuzi na ugavi. Nimekaa darasani nikifundishwa kukagua mzigo kabla ya kulipa, halafu nikanunua picha. Tangu wakati ule nimenunua vitu vingi kwa njia hii hii ya mtandao, na vingine nimewanunulia jamaa, na sijapoteza tena shilingi. Sikuacha minada, maana humo mna vitu vizuri kwa bei nafuu. Nilichobadilisha ni mpangilio: pesa yangu siku hizi ndiyo ya mwisho kutoka. Hapa chini ni yale ninayoyafanya, na yale niliyoyaona yakiwafika wengine.

Minada hii si ya aina moja

Tunaposema mnada wa mtandaoni tunachanganya mambo matatu. Kuna mnada wa grupu, WhatsApp au Facebook, ambako mtu yeyote anatupa picha na watu wanapandisha bei kwa kuandika. Hapa hakuna mnadi, hakuna leseni, na mwenye grupu mara nyingi hamjui muuzaji zaidi yako wewe. Kuna minada ya madalali wenye leseni wanaouza mali za benki, za kampuni au za amri ya mahakama, ambao siku hizi wanapokea dau kwa njia ya mtandao. Na kuna minada ya nje, hasa ile ya magari ya Japani, inayoishia hapa bandarini kwetu. Hatari kubwa iko kwenye ule wa kwanza, na ndiko tulikojaa.

Homa ya kushindana

Mnada umetengenezwa ukuharakishe. Ile saa inayokaribia kufungwa, na yale majina mawili matatu yanayokupita kwa mia tano mia tano, yanakufanya usahau kitu chenyewe na ubakie unataka kushinda. Kwa hivyo bei yako ya mwisho iandike kwenye karatasi kabla mnada haujaanza, ukiwa umeshiba na umetulia.

Na bei hiyo isiwe ya kitu peke yake. Tia ndani pikapu au tuktuk ya kukileta, vijana wa kukipandisha ghorofani kama unakaa juu, na fundi wa kukiangalia. Friji ya 12,000 ikishaongezwa pikapu ya 2,000 na gesi ya kujaza inakuwa na bei nyingine kabisa. Halafu nenda dukani, au piga simu, uulize kitu hicho hicho kikiwa kipya ni bei gani. Mimi kiwango changu ni theluthi mbili: mtumba ukishanifikia nyumbani kwa zaidi ya theluthi mbili ya bei ya kipya chenye warranti, nauacha.

Kisha kuna wale washindani bandia. Katika fikhi jambo hili lina jina lake, najash, yaani mtu kupandisha bei ya kitu asichotaka kukinunua ili amvute mwengine apande. Masheikh wametufundisha kuwa Mtume (S.A.W.) alilikataza. Sheria ya nchi nayo hailipendi: Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, sura ya 31, inasema muuzaji anayetaka kushiriki katika kunadi mali yake mwenyewe lazima atangaze hivyo mwanzo, na akijificha nyuma ya mtu wake, mnunuzi anaweza kuyahesabu mauzo hayo kuwa ya ulaghai. Na mpaka mnadi agonge nyundo, aliyetaja bei ana haki ya kuiondoa. Watu wengi hawalijui hilo, wanadhani wakishaandika tu wamefungwa.

Utawatambuaje? Keti kwenye grupu wiki moja bila kununua, uangalie. Ukiona nambari zile zile kila usiku zinapandisha na kila usiku zinashindwa, una jibu. Dalili nyingine ni ya kesho yake: unapigiwa simu kuwa aliyekushinda "amejitoa", basi chukua wewe kwa bei ile uliyoishia. Mara nyingine ni kweli. Lakini ikiwa ni kweli, huna sababu ya kulipa bei ambayo aliyejitoa ndiye aliyekupandisha kuifikia. Rudi kwenye bei uliyokuwa nayo kabla yeye hajaingia, usikie atasemaje.

Mjue muuzaji kabla ya kuijua mali

Picha ni kitu rahisi kuiba. Ichukue uitafute kwa Google Lens. Ukiikuta kwenye tangazo la Nairobi la miaka miwili nyuma, au kwenye duka la Uingereza, kazi imekwisha hapo. Isipoonekana popote bado usiridhike. Mwombe muuzaji akurekodie video fupi: kitu kimewashwa, kinafanya kazi, na pembeni ameweka karatasi yenye jina lako na tarehe ya leo. Video hiyo ni ya dakika moja. Mwenye mali ataitengeneza, pengine huku akilalamika kuwa unamsumbua. Asiye na mali atakuletea hadithi: simu yangu kamera imeharibika, niko safarini, mali iko kwa shangazi.

Pia mpigie simu, usitosheke na ujumbe. Sauti ina mengi. Muulize kitu kilikotoka, amekitumia muda gani, kwa nini anakiuza. Mtu anayeuza friji yake mwenyewe atakueleza mpaka ile droo ya mboga iliyopasuka. Tapeli hujibu kwa sentensi moja kisha anarudi kwenye pesa.

Na jambo la jina. Ukianza kutuma M-Pesa, kabla pesa haijaondoka unaoneshwa jina la anayepokea, na kuna sekunde chache za kusimamisha. Wengi wetu tunalipita jina lile bila kulisoma. Lisome. Aliyejiita Salim akitokea kuwa na laini ya jina jengine kabisa, simamisha uulize. Anaweza kuwa na sababu, lakini aieleze kabla si baada.

Pesa

Kanuni yangu haina tafsiri nyingi: silipi kitu ambacho sijakigusa, au ambacho hakijaguswa na mtu wangu. Kitu kikiwa Malindi nami niko Mombasa, namtafuta jamaa Malindi akakione. Sisi watu wa pwani tuna jamaa kila mji kuanzia Vanga mpaka Lamu. Hatuna haya ya kuwaombea kazi za arusi, basi tusione haya kuwatuma kuangalia friji.

Muuzaji akiomba arbuni, najua biashara ya kikwetu inaijua arbuni, si jambo geni. Lakini arbuni hutolewa mbele ya mali, baada ya kuiona, na huandikwa. Arbuni ya kumshikia mtu nisiyemjua kitu nisichokiona ndiyo iliyonila mimi 8,500. Ukilazimika sana, iwe pesa ambayo ikipotea utalala usingizi.

Mali ikitumwa kwa basi au kwa kampuni ya vifurushi, tafuta ile inayokubali upokee, ufungue, ndipo ulipe. Risiti ya kifurushi iliyopigwa picha haithibitishi lolote, kwa sababu nayo inaiga mtu yeyote. Nimemwona kijana aliyepokea katoni ya laptop ndani yake mna vigae viwili vilivyofungwa vizuri kwa gazeti. Uzito ulikuwa sawasawa.

Kwa upande wa pili, ukiwa wewe ndiye muuzaji, usiamini ujumbe wa M-Pesa unaoingia kwenye simu yako kabla ya kuangalia salio. Jumbe za kuiga zinatumwa kutoka nambari za kawaida na zinafanana na za kweli mpaka nukta. Ujumbe halisi huja kwa jina MPESA, wala hauji kwa nambari ya mtu. Na hakuna mnunuzi anayehitaji PIN yako ili akulipe, wala anayehitaji tarakimu zilizokuingilia kwa ujumbe. Hizo ni funguo za nyumba.

Mahali pa kukutana

Mchana, mahali pa watu, na penye umeme. Hili la umeme watu hulisahau. Utakijaribuje kitu cha umeme chini ya mwembe? Kituo cha mafuta, mkahawa, duka la fundi unayemjua, hapo ndipo pazuri. Kwa friji na makochi huna budi kwenda nyumbani kwa mtu. Basi nendeni wawili, na kina mama msiende peke yenu, na aliyebaki nyumbani aachiwe anwani na nambari. Ukifika ukaambiwa "si hapa, mali tumeipeleka nyumba ya nyuma", rudi ulikotoka.

Mali ya wizi, na usiku mmoja wa mpwa wangu

Hapa nitakaa kidogo, maana kupoteza pesa ni jambo moja, na kuingia kituo cha polisi ni jengine.

Mpwa wangu, mtoto wa dada, alinunua simu kwenye mnada wa grupu kwa 9,000. Dukani simu ile ilikuwa zaidi ya mara tatu ya bei hiyo. Hakupewa katoni wala risiti. Aliambiwa mwenyewe anasafiri na anataka kuuza haraka. Miezi minne baadaye akapigiwa simu na maafisa wa upelelezi. Simu ilikuwa imeibwa, mwenyewe alikuwa ameripoti na ana risiti na katoni yenye nambari ya IMEI, na kijana wetu ndiye aliyekuwa na laini yake ndani. Alilala kituoni usiku mmoja. Kilichomtoa ni kwamba hakuwa amefuta mazungumzo yake na muuzaji, na ujumbe wa M-Pesa ulikuwa bado upo na jina na saa. Akageuka kuwa shahidi. Simu ilirudi kwa mwenyewe, na elfu tisa hazikurudi kwa mtu.

Sheria inasema hivi. Mtu asiyemiliki kitu, kwa kawaida, hawezi kukupa umiliki asiokuwa nao. Hata ukinunua kwa nia safi, mwenyewe akitokea kitu ni chake. Na kifungu cha 322 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya kinamhusu anayepokea mali ya wizi akijua, au akiwa na sababu ya kuamini, kuwa ni ya wizi. Adhabu yake inaweza kufika kifungo cha miaka 14. Hayo maneno "sababu ya kuamini" yatazameni vizuri. Bei ya ajabu, hakuna katoni, hakuna risiti, muuzaji ana haraka: hizo zote ni sababu ambazo hakimu anaweza kukuuliza kwa nini hukuziona.

Kwa hivyo simu nainunua hivi. Nabonyeza *#06# mbele ya muuzaji, zinatoka tarakimu 15 za IMEI (simu ya laini mbili hutoa mbili), nazilinganisha na zilizo kwenye katoni na kwenye risiti ya kwanza. Kisha namwambia aondoe akaunti yake, ya Google au ya iCloud, kwa mkono wake mwenyewe. Halafu simu ifutwe irudi kama ilivyotoka kiwandani, iwashwe, na iunganishwe na intaneti palepale kabla sijalipa. Hatua hii ya intaneti ina maana yake. Kuna simu nyingi mitaani zilizochukuliwa kwa mkopo wa kulipa kidogo kidogo, na mwenyewe akaacha kulipa akaiuza. Ikiwa haina bando inaonekana nzima. Ikishapata mtandao inajifunga, na inakwambia ulipe deni la mtu usiyemjua. Bora ijifunge mkononi mwake kuliko mfukoni mwako.

Kisha tunaandikiana. Karatasi ya kawaida inatosha: jina lake na nambari ya kitambulisho, jina langu, kitu gani, nambari yake ya siri au IMEI, bei, tarehe, sahihi mbili. Napiga picha kitambulisho na kukilinganisha na jina lililotokea kwenye M-Pesa. Muuzaji mwema atanuna kidogo. Asiyetaka kabisa, mwache na mali yake.

Kukijaribu kitu

Kabla ya lolote geuza nyuma usome kibandiko. Umeme wetu Kenya ni volti 240, mizunguko 50. Vitu vya mtumba vya Uingereza na vya Dubai vinaingia bila shida. Vya Marekani ni volti 120 na vya Japani 100, na ukivichomeka kwenye ukuta wako moja kwa moja utasikia harufu kabla hujasema bismillahi. Vya Saudia volti huenda zikafaa lakini mizunguko yao ni 60, na kitu chenye mota kama friji au mashine ya kufua kimetengenezwa kwa mwendo ule. Muuzaji atakwambia "weka tu stepdauni". Stepdauni ya kubeba friji nayo ina bei, basi itie kwenye hesabu.

Friji usiitazame dakika tano. Kaa nayo saa nzima ikiwaka. Weka kikombe cha maji kwenye friza, sikiliza kompresa inavyowaka na kuzima, shika nyuma kama panapata joto. Fungia noti ya karatasi kwenye mlango kisha uivute: ikitoka bila kushikwa, mpira umechoka na friji itakula umeme usiku kucha. Angalia mabomba ya nyuma kama yana alama za kuchomelewa, na uulize ni lini ilijazwa gesi mara ya mwisho. Huku kwetu tazama na kutu za chini, maana nyumba zilizo karibu na bahari hula chuma kimyakimya. Ikishafika nyumbani iache isimame saa kadhaa kabla ya kuiwasha, na kama ilisafirishwa imelala, iache zaidi.

Televisheni iwashwe mpaka ipate moto, uweke picha nyeupe tupu kisha nyeusi tupu, mistari na madoa yatajionesha. Laptop izimwe kabisa na iwashwe upya mbele yako, uone kama inaomba nywila ya kampuni fulani. Mtungi wa gesi wa kupikia sinunui kwa mtu mtandaoni hata kwa bei ya bure; nakwenda kwa wakala.

Magari

Gari lililoko hapa nchini halina siri kubwa ukifuata njia. Kupitia eCitizen unafanya upekuzi wa NTSA kwa nambari ya gari, gharama yake ni kama shilingi 550, na unaoneshwa mwenye gari na kama kuna benki inayolishikilia. Jina likiwa la benki pamoja na mtu, mkopo haujaisha, na zungumza na benki yenyewe. Linganisha nambari ya chesisi kwenye logibuku na ile iliyogongwa kwenye chuma. Na mwenye gari halisi aanzishe uhamisho kutoka akaunti yake mwenyewe, mbele yako. Sheria inataka umiliki uhamishwe ndani ya siku 14. Wale wanaosema "tumia tu jina langu, tutabadilisha baadaye" wanakuachia gari lisilo lako.

Magari ya Japani ni habari nyingine, na kwa kuwa yanashukia hapa Mombasa kila mtu ana rafiki anayeagiza. Minada ya kule ni ya wanachama, wafanyabiashara wa magari. Wewe hupandishi dau mwenyewe, anakupandishia wakala. Kitu cha kumdai wakala huyo ni karatasi ya mnada, ile aliyoijaza mkaguzi wa mnadani kabla gari halijauzwa. Mdai ya asili ya Kijapani pamoja na tafsiri, maana tafsiri peke yake inaweza kuwa imepunguziwa maneno. Juu ina daraja: 4 na 4.5 ni gari zuri, 3.5 lina mikwaruzo na umri, na R au RA ni gari lililopata ajali likatengenezwa. Ndani ya gari hupewa herufi, A ndiyo safi. Kisha kuna mchoro wa gari wenye herufi ndogo: A ni mkwaruzo, U ni kibonyeo, W ni mahali palipotengenezwa pakaacha wimbi, S ni kutu, C ni kutu iliyokula, X ni sehemu inayohitaji kubadilishwa na XX ni iliyokwisha kubadilishwa. Nambari iliyo pembeni ya herufi ni ukubwa. Minada hutofautiana kidogo katika alama hizi, lakini ukizijua hizo hutababaishwa. Kilomita zilizoandikwa pale zilinganishe na zitakazoonekana gari likishushwa. Na uulize gari limetoka upande gani: kaskazini mwa Japani barabara hunyunyiziwa chumvi wakati wa theluji, na chasi huliwa chini ambako picha haifiki.

Kumbuka kuwa Kenya haipokei gari lililozidi miaka minane tangu liandikishwe mara ya kwanza, wala la usukani wa kushoto kwa matumizi ya kawaida, na lazima likaguliwe huko huko kwa utaratibu wa KEBS kabla ya kupakiwa melini. Ushuru nao haupigwi kwa bei uliyonunulia. Mamlaka ya Ushuru ina orodha yake ya bei za magari na hupunguza kwa umri. Kwa hivyo gari ulilolipata kwa bei ya chini mnadani halikupunguzii ushuru hata senti, na wengi wamekwama na gari bandarini, gharama za kuhifadhi zikipanda kila siku, kwa kulisahau hilo.

Onyo moja la malipo ya nje. Kuna wezi wanaoingia katika barua pepe za wakala au za mteja, wananyamaza, na siku ya kulipa wanatuma ankara ile ile yenye akaunti nyingine ya benki. Ukiambiwa akaunti imebadilika, piga simu kwa nambari uliyokuwa nayo zamani, usitumie iliyo kwenye barua hiyo.

Madalali wenye leseni na bandari

Dalali halali huwa na leseni chini ya Sheria ya Madalali ya 1996, na unaweza kumwomba akuoneshe. Mnada wake hutangazwa, huwa na siku za kwenda kuitazama mali, na dhamana ya kushiriki huingia kwenye akaunti ya kampuni, si kwenye laini ya mtu. Mali huuzwa kama ilivyo, mahali ilipo. Maneno hayo yana uzito: ukishanunua huna pa kulalamikia injini, na ukichelewa kulipa au kuondoa unapoteza dhamana au unalipishwa uhifadhi. Basi zile siku za kutazama usizikose, na uende na fundi.

Na wale wanaotuma kwenye grupu "magari yaliyoshikwa bandarini, bei ya chee, nina mtu ndani": bidhaa za forodha zinazopigwa mnada hutangazwa rasmi kwenye Gazeti la Serikali. Haziuzwi na mtu aliye ndani. Nashangaa sisi tunaoliona geti la Kilindini kila siku ndio tunaotumia jamaa zetu wa bara tangazo hilo.

Ukishaliwa

Usifute kitu. Piga picha mazungumzo yote, nambari, jina la M-Pesa, tangazo lenyewe kabla halijaondolewa. Ujumbe wa M-Pesa upeleke kwa 456 mara moja. Njia hiyo iliwekwa kwa waliokosea nambari, lakini mapema ni bora kuliko kulia, na pesa iliyokwisha kutolewa hairudi. Nambari ya tapeli iripoti kwa 333 kama ni ya Safaricom. Nenda kituoni uandikishe upewe nambari ya OB. Ulaghai wa kompyuta una sheria yake tangu 2018. Mimi sikwenda, niliona haya, na yule mtu pengine alinunua watu wengine kumi kwa friji ile ile.

Ikiwa muuzaji anajulikana lakini amekuuzia kibovu na anakukwepa, iko Mahakama ya Madai Madogo, nayo ipo Mombasa. Inasikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja, na sheria yake inataka kesi iishe ndani ya siku 60. Si lazima uwe na wakili. Lakini utahitaji jina na mahali anapopatikana mtu huyo, na ndipo ile karatasi yenye nambari ya kitambulisho inapokuwa na thamani kuliko friji.

Yetu tuliipata mwisho, siku tatu kabla ya Ramadhani, kwa mama mmoja wa Bombolulu aliyekuwa anahama. Tulikwenda wawili, mimi na mama watoto, tukakaa saa nzima na nusu tukinywa kahawa na kusikiliza kompresa. Mama yule alicheka tulipotoa noti kuifungia mlangoni. Ilishika. Nililipa 13,000 palepale, na ile karatasi yetu ingali nyuma ya friji, nimeibandika kwa selotepu.